Msumeno badala ya moto: ipi kati ya njia za kuvuna inakaribia kazi ya asili katika misitu mikavu ya misonobari?

Swali lililozaa ulinganisho huu liliulizwa Lushoto, katika kikao cha wapanda miti ambako niliombwa kueleza namna misitu mikavu ya magharibi ya Marekani inavyovunwa. Mzee mmoja wa upande wa Manolo, aliyeanza kupanda misindano, yaani misonobari ya mashambani kwetu, akiwa kijana, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mwanangu, umetuambia msumeno unaweza kuigiza moto. Mimi nimeuona moto na nimeuona msumeno. Moto huanza na miti midogo, msumeno huanza na minono.” Nilimjibu kwa haraka, kwa sababu watu walikuwa wanangoja chai, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Nalipanga upya hapa kwa ajili ya mtu ambaye ana shamba au msitu wa kijiji na anatakiwa kuamua leo au kesho mti upi uanguke na upi ubaki.

Msitu unaozungumzwa kwanza ueleweke, kwa kuwa njia ya kuvuna haiwezi kupimwa bila kujua msitu wenyewe ulizoea kupatwa na nini. Msonobari wa ponderosa, unaoota kuanzia kusini mwa British Columbia nchini Kanada, kupitia Oregon hadi Arizona na New Mexico, ni mti ulioumbika kuishi na moto. Gome la mti mzima ni nene, limekatika vipande kama magamba makubwa ya samaki, na rangi yake hutoka kwenye weusi wa ujana hadi manjano ya chungwa kadiri umri unavyosonga. Ukiliwekea pua siku ya jua kali, linanukia vanila. Matawi ya chini hufa na kudondoka yenyewe, hivyo moto unaopita ardhini haupati pa kupandia. Sindano zake ndefu, ambazo kwa kawaida hutoka tatu tatu, hukauka upesi zikishaanguka, na zikichanganyika na nyasi hubeba moto mwepesi unaokwenda kwa kasi bila kukaa mahali. Moto wa namna hiyo, uliowashwa na radi au na wenyeji wa asili wa nchi ile, katika sehemu nyingi ulirudi kila baada ya miaka michache hadi ishirini na kitu, ukala miche, sindano na matawi makavu, na kuwaacha wazee wamesimama na kovu tu kwenye shina. Makovu hayo ndiyo yanayohesabiwa leo kwenye visiki, pete kwa pete, ili kujua moto ulipita mwaka gani.

Mwendo huo ulikatika mwishoni mwa karne ya 19. Kondoo na ng'ombe wa walowezi walikula nyasi zilizokuwa zikibeba moto, na baada ya moto mkubwa wa mwaka 1910, ulioteketeza takribani hekta milioni 1.2 katika Idaho, Montana na maeneo jirani, nchi nzima iligeukia kuzima. Kufikia mwaka 1935 idara ya misitu ya Marekani ilikuwa na amri kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata baada ya kuonekana. Harold Weaver, mwanamisitu aliyeandika mwaka 1943 kwamba ponderosa inauhitaji moto, alikuwa akisema jambo ambalo wenzake wengi hawakutaka kulisikia. Matokeo yanaonekana vizuri katika kipande cha utafiti cha Fort Valley, karibu na mji wa Flagstaff huko Arizona, ambako moto wa mwisho wa kawaida ulipita mwaka 1876. Wakati huo palikuwa na miti chini ya 60 kwa hekta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihesabiwa zaidi ya 3,000. Anayeujua uwanja wa mpira wa Mkwakwani, Tanga, na afikirie eneo la kuchezea likiwa na miti mikubwa kama arobaini, mtu anaona goli hadi goli, halafu afikirie eneo hilo hilo likiwa na mashina zaidi ya elfu mbili, mengi yake membamba kama mkono. Moto ukiingia humo haupiti tena chini. Unapanda kwa miti midogo kama kwa ngazi, unafika vileleni, na mzee wa miaka mia tatu anakufa pamoja na mche wa miaka mitano.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kuvuna, napima mambo matatu: ni miti ipi inayoondoka, iliyobaki imekaaje, na ardhini kumetokea nini. Njia nyingi hufaulu jambo moja na kushindwa mengine, na hilo la tatu, kama tutakavyoona, msumeno hauliwezi hata kidogo.

Kufyeka chote

Kuvuna kwa kufyeka, yaani kuangusha kila mti katika kipande na kupanda upya, husemwa kwamba kunaiga moto mkubwa unaoua msitu wote. Kauli hiyo ina ukweli kwa mti mwingine, nao ni msonobari wa lodgepole, ambao gome lake ni jembamba na katika maeneo mengi koni zake hufungwa kwa ulimbo mpaka joto kali lizifungue. Moto wa Yellowstone wa mwaka 1988 ulipita katika hekta zipatazo 320,000 za mbuga hiyo, na sehemu kubwa ya lodgepole iliyoungua ilijaa miche bila mkono wa mtu kupanda. Kwa mti wa tabia hiyo, kufyeka ni mwigo wa karibu, ingawa hata hapo moto huacha maelfu ya miti mikavu iliyosimama, makazi ya ndege wanaotoboa mashina, na lori la magogo haliachi hata mmoja.

Kwa ponderosa, kufyeka eneo kubwa hakuigi chochote alichokizoea. Mbegu zake haziendi mbali na mama, miaka ya mbegu nyingi ni ya kubahatisha, na mche unahitaji mvua ije wakati wake. Kule kusini-magharibi mwa Marekani mwaka 1919 ndio unaokumbukwa kwa mbegu na mvua kukutana, na misitu mingi iliyosongamana leo ilizaliwa mwaka huo. Atakayefyeka pakavu na kungoja bahati kama hiyo huenda akastaafu akiwa bado anaingoja. Njia hii ni rahisi kusimamia na gharama yake kwa kila gogo ni ndogo, na ndiyo sababu inapendwa. Faida hizo ni za mvunaji, msitu mkavu hauna fungu ndani yake.

Kuchagua minono

Hapa ndipo maneno ya yule mzee yanapouma, na mimi mwenyewe ninaliongea nikiwa na kidonda. Nilikuwa na misindano kwenye eneo lisilofika ekari mbili, na nilipobanwa na ada za watoto nikamwachia mnunuzi ateue mwenyewe, kwa masharti kwamba asikate mti wenye kipenyo chini ya kiwango tulichokubaliana. Masharti aliyafuata neno kwa neno. Jioni ya siku ya tatu nilisimama katikati ya shamba nikaona nilichobakiwa nacho: miti iliyopinda, yenye vichwa viwili, iliyodumaa chini ya kivuli cha wenzake, na kila iliyokuwa na shina la kunyooka ilikuwa imekwishapandishwa garini. Mbegu za kizazi kinachofuata zingetoka kwa hao waliobaki.

Njia hii huitwa uvunaji wa kuchagua, na jina hilo ni zuri mno kwa kitendo chenyewe. Katika msitu wa ponderosa ndiyo iliyotumika kwa miongo mingi: wazee wenye gome nene walikatwa, wale ambao moto usingewaua, na wakaachwa vijana wasongamane, ambao moto ungewala wa kwanza. Ukiwa unatafuta kinyume kamili cha kazi ya asili, hutakipata kilicho sahihi kuliko hiki.

Dawa iliyobuniwa mashariki mwa Oregon na Washington katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa kukataza kukata mti hai wenye kipenyo cha inchi 21, karibu sentimita 53, au zaidi. Ilisaidia kuokoa wazee waliobaki, na kwa hilo inastahili sifa. Lakini kipenyo hakitaji umri wala aina. Miti ya jamii ya fir, ambayo nayo ni ya sindano lakini huvumilia kivuli, iliyoingia baada ya moto kuzimwa, hunenepa haraka na kuvuka inchi 21 ikiwa bado changa, ikapata ulinzi wa sheria huku ikinyonya maji ya ponderosa mwenye miaka mara tatu ya wake. Ukitaka kuweka kikomo katika msitu wako, kiweke kwa aina na kwa dalili za uzee, kama vile rangi ya gome, kilele kilichobapa na matawi manene yaliyojikunja, kisha tembea na rangi ya alama mwenyewe kabla mwenye msumeno hajaingia.

Kuacha miti ya mbegu, au kuvuna kwa makundi

Kati ya kufyeka na kuchagua pana njia mbili za katikati. Ya kwanza ni kuacha miti ya mbegu, au mingi zaidi kidogo ili itoe na kivuli, kisha kuivuna hiyo nayo miche ikishasimama. Hatua ya kwanza inafanana kwa kiasi na moto wa wastani uliobakiza wazee; ya pili inawafuta wazee hao, na ufanano unakwisha. Ukiichagua njia hii, iache hatua ya pili isifanyike kamwe, au ifanyike kwa sehemu tu.

Ya pili ni kuvuna kwa makundi, ambapo hufunguliwa nafasi za nusu ekari hadi ekari mbili hivi hapa na pale, na msitu uliobaki huachwa au hupunguzwa kidogo. Nafasi hizo zinafanana na zile zinazoachwa na mbawakawa wa magome wanapoua kundi la miti iliyochoka kwa ukame, au na moto unapopata rundo la magogo yaliyoanguka na kuchoma kwa ukali mahali hapo tu. Ponderosa hupenda jua, hivyo miche hupata maisha zaidi katika nafasi hizo kuliko chini ya dari la vilele vilivyogusana. Kasoro yake ni kwamba wasimamizi hupenda kuzichora duara, zenye ukubwa mmoja, kwa umbali ule ule, na msitu ukaja kuonekana kama kitambaa kilichotobolewa kwa mashine. Kasoro nyingine ni kubwa zaidi: ukifungua makundi na kuuacha msongamano uliobaki kama ulivyo, hatari ya moto wa vileleni haijaguswa.

Katika nyanda kavu za Cariboo, British Columbia, ambako mti mkuu ni Douglas-fir, uvunaji wa mti mmoja mmoja na wa makundi madogo umetumika kwa sababu nyingine pia: paa wa kule wanahitaji miti mikubwa yenye matawi mapana yanayozuia theluji isijae chini, ili wapate pa kukaa na cha kula wakati wa baridi.

Kupunguza kutoka chini

Njia inayojibu swali la yule mzee moja kwa moja ni kupunguza kutoka chini: kuondoa midogo na ya katikati, kuacha mikubwa. Kwa kipimo cha kwanza, yaani mti upi unaoondoka, hakuna inayoukaribia moto wa ardhini kama hii. Ngazi inavunjwa, vilele vinaachana, na mzee anapata maji.

Tofauti kubwa imo katika namna ya kupunguza. Mtu aliyefundishwa katika shamba la kupandwa, na wengi wetu ndiko tulikofundishwa, hupunguza kwa vipimo sawa: mti, mita tano, mti, mita tano, kila kilele kipate sehemu yake ya mwanga. Kwa mbao ni hesabu nzuri. Msitu wa asili wa ponderosa haukuwa hivyo; ukisimama ndani ya mabaki yake machache unakuta mti mmoja peke yake, kisha fungu la miti minne au kumi iliyogusana matawi, kisha uwazi wa nyasi ambao hauna mti kabisa, kisha fungu lingine. Moto, mbegu na mbawakawa ndivyo walivyofuma. Wanamisitu wa Marekani wa sasa wameanza kutia alama kwa kufuata mfumo huo wa mti pweke, fungu na uwazi, wakitumia visiki vya kale kama ramani ya mahali miti ilipokuwa. Kazi ni ngumu zaidi kwa mtia alama, kwa sababu hawezi kwenda kwa hatua na kamba. Lazima asimame, aangalie, afikiri. Hata hivyo, kama nia ni kuiga asili, kupunguza kwa vipimo sawa ni nusu ya kazi, na ningemshauri yeyote mwenye eneo la kutosha achague mafungu.

Kikwazo kikuu cha njia hii huko Marekani ni pesa, kwa kuwa mti mwembamba hauna soko na kuuondoa ni gharama. Hapa kwetu tuna nafuu ambayo hatuisemi. Mirunda, fito na kuni hupata mteja Lushoto, Korogwe na Tanga mjini, na fundi wa ghorofa hajali kama mrunda ulitoka kwenye mti uliodumaa.

Kile ambacho msumeno hauwezi

Sasa kipimo cha tatu. Moto ukipita ardhini hula sindano zilizorundikana, huacha jivu, hufunua udongo ili mbegu ishike, huunguza vichaka na kuamsha nyasi, na huacha miti michache mikavu imesimama. Msumeno hufanya kinyume: huongeza matawi na vilele chini, na trekta linaloburuta magogo hukandamiza udongo. Shamba lililopunguzwa na kuachwa na masalia yake linaweza kuungua vibaya kuliko lilivyokuwa kabla.

Ndiyo maana wanaosimamia misitu hii hupunguza kwanza, kisha huchoma kwa mpango, siku yenye upepo mdogo na unyevu wa kutosha. Ushahidi umeonekana katika majanga yenyewe. Moto wa Wallow wa mwaka 2011, uliopita katika hekta zaidi ya 215,000 hasa za Arizona, ulishuka kutoka vileleni hadi ardhini ulipofika kwenye miti iliyopunguzwa kuzunguka kijiji cha Alpine, na wazimamoto wakapata pa kusimama. Moto wa Bootleg wa mwaka 2021 huko Oregon, uliovuka hekta 160,000, ulifika katika hifadhi ya Sycan Marsh, na vipande vilivyokuwa vimepunguzwa na kuchomwa vilitoka na miti mingi ya kijani kuliko vile ambavyo havikuguswa. Anayelazimika kuchagua kimoja tu kati ya kupunguza na kuchoma, katika msitu uliokwisha kusongamana, aanze na kupunguza, kwa sababu kuchoma humo moja kwa moja ni kuuita moto wa vileleni; lakini ajue amenunua muda wa miaka kadhaa tu.

Yakiletwa Usambara

Hapa ndipo nilipomjibu vibaya yule mzee, kwa kuwa niliacha aamini kwamba mapishi ya ponderosa yanafaa kwa shamba lake. Msindano uliojaa Shume, wilayani Lushoto, na mashamba ya watu ni Pinus patula, uliotoka milima ya Mexiko. Gome lake la juu ni jembamba kama karatasi, miti michanga hufa hata kwa moto mdogo, na koni zake hukaa kwenye matawi kwa miaka zikiwa zimefungwa. Kwa tabia ni ndugu wa lodgepole, na si wa ponderosa. Kwa hiyo kufyeka vipande vidogo na kupanda upya, njia niliyoisema vibaya hapo juu, kwa mti huu hakuendi mbali na asili yake, na kuuchoma chini kwa mpango ni jambo la hatari ambalo nisingemshauri mkulima alijaribu. Kwake yeye kupunguza kutoka chini kubaki kazi ya kukuza mbao, njia za moto zibaki ulinzi wake, na vipande vya kufyekwa viwe vidogo kwa sababu ya mteremko, na visisogee ndani ya zile mita 60 za kando ya mto zinazotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Mtarakwa, mwerezi wetu wa asili wa upande mkavu wa Shume, ni hadithi nyingine. Wajerumani waliuvuna kiasi cha kujenga njia ya kamba za chuma kuteremsha magogo hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Gome lake ni la nyuzi na halimkingi dhidi ya moto, lakini miche yake hudhoofika chini ya dari lililofunga na huota vizuri palipofunguka. Mti wa namna hiyo ungefaidika na uwazi mdogo mdogo kuliko na kupunguza sawasawa, wazee waliobaki wakiachwa kabisa. Huo ni msitu wa hifadhi, na mwenye kuamua si mimi wala msomaji.

Ajabu ni kwamba anayetafuta mfano wa karibu wa ponderosa mkoani Tanga anapaswa kushuka mlima hadi Handeni na Kilindi, kwenye miombo isiyo na sindano hata moja. Humo moto wa nyasi hupita mara kwa mara, miti mikubwa huvumilia, na michanga huungua. Tofauti moja inabadilisha hesabu yote: mti wa miombo ukikatwa huchipua kwenye kisiki, msonobari wa ponderosa hauchipui. Kwa kamati ya msitu wa kijiji inayopanga kuvuna huko, kipimo cha mti upi unaondoka ni kile kile, na mkaa ndio unaokivuruga, kwa maana mchoma mkaa hukata karibu kila unene. Kuchoma kwa mpango mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kunawezekana kwa kibali kinachotakiwa chini ya Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002.

Nilimpigia mzee simu wiki iliyopita kumweleza kuhusu koni zilizofungwa. Akaniambia subiri, nikamsikia akimtuma mjukuu nje, na baada ya muda akarudi. Alikuwa ameweka moja kando ya jiko la mkaa, na alitaka nisikilize inavyopasuka.